Sura ya Tano: Chatu Asipoe

Kufuli lilikuwa zima, na hilo ndilo lililomuudhi Sajenti Anselm kuliko yote aliyoyaona asubuhi ile. Kufuli zima, pete zake nzima, ubao wa mlango haujachubuliwa hata kidogo. Na bado ndani ya stoo ile ya shule, nyuma ya wavu wa dirisha, kulikuwa na kaa linawaka.

"Nimesema tangu Jumatatu," alisema Honoratha. "Mkaniona mwendawazimu."

Hakuwa amemwambia Anselm. Alimwambia mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akamcheka mbele ya watu. Anselm alikuwa ameingia asubuhi hiyo hiyo kutoka Mugumu, amekalia magunia matupu kwenye lori linalokuja kuchukua pamba, kwa sababu Landrova haikuwa na petroli. Mkubwa wake alimwambia wazi wazi: rudi jioni na lori hilo hilo, na kama hujapata kitu cha kushika mkononi, jalada la Mwalimu Ambokile tunalifunga, ametoroka kazi. Miaka ile walimu walikuwa wakitoroka kweli, wanapitia mpakani Sirari usiku na kwenda kufundisha ng'ambo kwa mshahara mnono. Nani alikuwa na muda wa kumtafuta mmoja zaidi?

Mke wa Ambokile alikuwa nao. Honoratha alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, na tangu Anselm ashuke kwenye lori alikuwa hajauachia mkono wa koti lake. Macho yalimvimba kwa kukosa usingizi. Alisema mumewe aliondoka Jumamosi mchana na gunia na jembe, akaahidi kurudi kabla ugali haujaiva. Mgambo walimtafuta Jumapili kandokando ya mto, wakachoka, wakasema huyo ameshavuka mpaka. Kijiji kizima kikakubali, maana lilikuwa jibu jepesi.

Lakini stoo ilikuwa na tanki la kioo, na ndani ya tanki alikuwamo chatu wa Ambokile. Ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja tu, na mwalimu aliuvaa shingoni kwa uzi hata akioga. Na kila asubuhi tangu Jumatatu, Honoratha akichungulia kwenye wavu, alikuta kioo kimejaa mvuke.

"Kioo kikitoa mvuke maana yake kuna joto na kuna maji," alisema. "Mtu anaingia humu. Nani mwingine ana ufunguo? Mume wangu yuko hai, afande. Sijui anamkimbia nani, lakini yuko hai, na hawezi kumwacha yule chatu apoe."

Anselm hakuwa mtu wa kumfariji mtu kabla hajajua anamfariji kwa lipi. Alimwagiza Konstebo Heche, aliyekuja naye kwenye lori, alete mtaimbo, na pete za kufuli zikang'oka pamoja na kipande cha mlango.

Ndani kulinuka moshi. Tanki lilisimama juu ya mawe, limeungwa kwa vioo vya madirisha yaliyotupwa, pembe zimezibwa kwa lami, juu kuna mfuniko wa mbao uliotobolewa matundu. Honoratha aliwaeleza jinsi lilivyofanya kazi, na alieleza haraka haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Chini ya tanki kuna kipande cha bati, chini ya bati inawekwa koroboi, na mchanga unapata joto polepole. Nusu ya mfuniko inafunikwa gunia lililoloweshwa. Asubuhi na jioni Ambokile alitia mkono ndani, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Chatu akipata baridi chakula kinaozea tumboni. Akikauka, ngozi ya zamani haitoki.

Na hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Kiangazi kile upepo ulikausha hata midomo ya watu. Chatu alikuwa ameanza kujivua gamba na gamba likamng'ang'ania, likawa linaning'inia vipande vipande, na macho yamefunga ukungu. Ambokile alikuwa halali. Watoto wa shule walimwita yule nyoka Mwenyekiti, kwa kuwa anakula mara moja halafu analala mwezi mzima. Heche alicheka, kisha akamtazama yule mama akanyamaza.

Anselm alipiga magoti. Chini ya bati hapakuwa na koroboi. Palikuwa na mavi ya ng'ombe makavu, yamepangwa vizuri, yanaungua taratibu bila mwali, vile wafugaji wanavyofukiza zizini kufukuza nzi. Koroboi yenyewe ilikuwa imesogezwa kando, utambi umeungua mpaka mwisho.

Aliuliza mafuta ya taa yanawekwa wapi. Honoratha aliingiza mkono nyuma ya maboksi ya chaki akatoa chupa, na chupa ilikuwa na mafuta hadi nusu. Duka la ushirika lilikuwa limeishiwa, alisema, ndiyo maana mume wake aliyaficha. Alipomaliza kusema alibaki ameishika ile chupa, kwa sababu hakuwa mjinga.

"Mumeo angejaza koroboi," alisema Anselm.

"Labda anabana mafuta."

"Na moshi je?"

Honoratha alikaa juu ya boksi la chaki. Moshi ulikuwa sumu kwa mapafu ya chatu. Hata sigara Ambokile aliipiga marufuku mle ndani, na mwalimu mkuu aliwahi kutolewa nje na kiko chake. Aliyewasha yale mavi hakujua hilo, na wala hakujua kwenye maboksi kuna mafuta.

"Kwa hiyo ni mtu mwingine," alisema.

"Mtu mwingine, na ana ufunguo wa mumeo."

Ilikuwa kauli katili, na Anselm aliitoa kwa sauti ile ile anayoagizia chai. Honoratha hakulia. Alisema tu kwamba ufunguo ule hautoki shingoni kwa Ambokile hivi hivi, halafu akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Anselm aligeukia gunia la juu ya mfuniko, akakuta limekauka kabisa. Lilikakamaa, limeshika tope jeupe kama unga wa muhogo. Jana, alisema Honoratha, mvuke ulikuwa mzito hata hakumwona nyoka. Leo moto ulikuwapo na kioo kilikuwa kikavu. Yaani mtu alikuja alfajiri na moto wake kama kawaida, ila safari hii hakuja na maji. Kwa nini? Anselm alilizunguka lile tanki huku na huku, swali likamshinda, akaliweka kando ashike lile tope. Baadaye alijilaumu sana kwa kuliweka kando.

Maji ya kijiji kile yalikuwa mekundu. Aliyaona kwenye ndoo za akina mama alipokuwa akishuka kwenye lori, na Honoratha, ambaye kila siku huyachemsha kwa ajili ya zahanati, alisema hajawahi kuona maji meupe tangu apangiwe kazi huku. Heche hakuwa na la kusaidia. Yeye alikuwa mtu wa Nkende, Tarime mjini, na huku alikuwa mgeni vilevile.

Anselm alitoka nje kupata hewa, na hapo akaona alichokuwa anakitafuta. Ng'ambo ya uwanja wa mpira, ofisi ya kijiji iling'aa juani, imesilibwa upya kwa udongo mweupe.

Mwenyekiti Werema alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimpa Anselm mkono, akamwita ndugu, akauliza habari za Mugumu. Anselm naye akamuuliza habari za chatu. Werema alikunja uso. Ndiyo, jina lile lilimkera, tena alilisema mkutanoni: mwalimu anayefundisha watoto kumwita nyoka Mwenyekiti anakitukana chama. Ndiyo, alimwambia Ambokile kwamba siku moja nyoka huyo atapigwa rungu na yeye mwenyewe atahamishiwa anakokujua Mungu. Alisema. Watu wanasema mengi wakikasirika.

"Huu udongo wa ukutani umetoka wapi?"

Werema alisema umetoka huko. Huko wapi? Huko tu. Nani aliuleta? Watu waliuleta, kwa kujitolea. Watu gani? Na kila alipoulizwa tena, jasho lilizidi kumtiririka.

Basi Anselm akamng'ang'ania. Alimkalisha kwenye benchi la wageni, akamfunga pingu mkono mmoja kwenye mguu wa meza, akamuuliza alikuwa wapi Jumamosi, nani alimwona, alikula nini, alilala saa ngapi. Alimpandishia sauti, akaishusha, akamwacha peke yake na Heche, akarudi. Alikuwa na hakika. Chuki ilikuwapo, vitisho vilikuwapo, tope lilikuwapo ukutani linamtazama. Jua lilipanda mpaka katikati ya mbingu, na nje mlangoni Honoratha alikaa chini na magunia ya pamba, hajala, anasikiliza kila neno. Mara moja aliingia, akapiga magoti mbele ya mwenyekiti, akamwomba kwa jina la mama yake mzazi amwonyeshe hata kaburi. Werema alilia. Alilia kweli, kwa sauti, na ndipo akasema.

Udongo ulitoka kwenye mahame, kule juu, nyuma ya kilima. Ndiko watu walikokaa kabla operesheni haijawashusha huku chini kwenye kijiji kipya na nyumba zao kutiwa moto ili wasirudi. Ilikuwa marufuku kukanyaga huko, na aliyeipigia marufuku hiyo kelele kuliko wote ni yeye Werema. Lakini wageni wa wilaya walikuwa wanakuja na ofisi ilikuwa chafu. Siku zile zile mgambo walimkamata mzee Waitara amerudi kwenye boma lake la zamani, na badala ya kumpeleka mbele, Werema akamtuma huko huko amchimbie udongo.

"Nilimsamehe kwa namna hiyo," alisema. "Lakini nilimwapia. Akionekana kule tena ni gereza Musoma, na kwa uzee wake hatoki hai."

Anselm aliuliza kama kule kuna maji.

"Kisima chake cha zamani. Maji yake ndiyo meupe. Hata yule chatu alitoka bomani kwake, mwalimu alimkuta mdogo chini ya ghala." Werema alijifuta uso kwa kiganja. "Mzee alisumbua sana kuhusu huyo nyoka. Kwao chatu aliyezaliwa bomani hafukuzwi wala hauawi, anachukuliwa kuwa mtu wa nyumbani. Alikuwa akija shuleni kumwangalia."

Walimkuta mzee Waitara zizini kwake, mwisho wa kijiji, amejifunika blanketi mchana kweupe. Mavi ya ng'ombe yalikuwa yameanikwa kwa mstari ukutani. Pembeni ya miguu yake kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, limefungiwa kamba ndefu ya katani, na kamba ilikuwa na tope jeupe.

"Shikamoo, tata," alisema Heche, akimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba, mura." Mzee alimtazama Heche, akamtazama Anselm, akamwona na Honoratha nyuma yao, na hapo akainamisha kichwa. "Chatu anaendeleaje?"

Anselm alishika uzi uliochomoza kwenye blanketi akauvuta. Ufunguo ulitoka, bado una joto la kifua cha mzee. Honoratha alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Kisimani."

"Hai au amekufa?"

Mzee alilitazama lile kopo. "Leo asubuhi kopo limepanda tupu," alisema.

Ilimchukua Anselm muda mfupi kuelewa, kisha lile gunia kavu likamrudia lote kwa mara moja. Moto bila maji. Mzee alikuwa akishusha kopo kila alfajiri, na chini kulikuwa na mtu wa kulijaza. Leo hakulijaza. Anselm alimpigia Heche kelele atafute kamba na wanaume, na yeye mwenyewe akaanza kukimbia kuelekea kilimani na viatu vyake vya ofisi.

Njiani Heche alimfikia na wanaume wenye kamba, akimvuta mkono mzee na kumhoji kwa Kikurya, na vipande vya habari vilimfikia Anselm kwa kutafsiriwa, katikati ya kuhema. Mwalimu alitaka udongo wenye unyevu, udongo wa pale pale chatu alipozaliwa, autandaze ndani ya tanki ili gamba litoke. Alimwomba mzee ampeleke. Walikwenda Jumamosi kwa kujificha. Mwalimu aliinama ukingoni kuchimba, ukingo ukabomoka akaenda nao, na mguu ukavunjika. Kisima hakikuwa na maji mengi, hayakumfika magotini. Mzee alijaribu kumvuta kwa kamba ya ng'ombe ikakatika, na hata isingekatika, mikono yake isingeweza. Ilihitaji watu, na mzee hakumwambia mtu. Alimrushia viazi vya kuchoma. Alimshushia blanketi lake la pili. Kila alfajiri alipanda, akamsalimu, akashusha kopo, na mwalimu akalijaza kwa ajili ya lile gunia, halafu mzee akateremka nalo kijijini kabla watu hawajaamka.

Kilima kilikuwa kirefu kuliko kilivyoonekana. Juu kulikuwa na miduara ya majivu mahali nyumba zilipokuwa, majani yameanza kuota katikati, na kisima kilikuwa kimefunikwa matawi mabichi ya miiba. Honoratha aliyatoa kwa mikono mitupu. Alilala kifudifudi ukingoni, akaita jina la mumewe, akaita tena, akamwita kwa majina ambayo watu wazima huitana chumbani tu. Wanaume waliokuja na kamba waligeukia pembeni.

Heche alishuka. Waliisikia sauti yake ikigonga kuta, kisha akapiga kelele vuteni, wakavuta, na Ambokile akapanda amefungwa kifuani, kichwa kimeinama, mwili wote umepakwa tope jeupe. Walimlaza kwenye majani. Honoratha aliingiza mkono chini ya shati lake, kwapani.

"Ana joto," alisema. Akamgeukia Anselm, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. "Afande, ana joto!"

Heche, aliyekuwa bado anatambaa kutoka kisimani, alianza kucheka. Mtu mmoja akavua koti la kumfunika mwalimu. Anselm alijikuta ameshika kifundo cha mguu wa yule mgonjwa, anakisugua kwa viganja vyake, anasema haya, haya, mwalimu, haya.

Lakini Honoratha alikuwa nesi. Aliweka vidole shingoni, akangoja. Akavitoa akaviweka mkononi, akangoja. Akalaza sikio kifuani, kisha akarudi shingoni tena, akabana zaidi. Alikaa hivyo muda mrefu sana, mpaka yule mwenye koti akarudi nyuma hatua moja. Mwishowe alianza kumfunga mumewe vifungo vya shati, kimoja kimoja.

Anselm alisimama. Mwili haupoi mara moja, hilo alilijua kwa kazi yake, na alijua pia kuhesabu kurudi nyuma. Mtu huyu alikuwa anapumua wakati jua linapanda. Alikuwa anapumua wakati yeye Anselm anamfokea mtu mnene kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Alimwendea mzee Waitara, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na majivu ya nyumba yake, na kumwambia amtolee mikono. Kichwani alikuwa ameshapanga mashitaka, na la kwanza lilikuwa ule ufunguo: alimvua majeruhi asiyeweza kujitetea. Honoratha alikuja nyuma yake akamzuia. Alichuchumaa mbele ya mzee, na aliuliza bila kupandisha sauti.

"Ufunguo uliupataje, baba?"

"Alinirushia."

"Lini?"

"Siku ile ile. Alivua shingoni, akaufunga kwenye jiwe, akanirushia."

"Akasema nini?"

Mzee alijibu kwa Kikurya. Honoratha alimtazama Heche. Heche alifuta tope usoni, akatazama chini, akakataa kutafsiri.

"Niambie kwa Kiswahili," alisema Honoratha. "Akasema nini?"

Mzee alikuwa anamtazama Anselm na pingu zake, kisha akaacha kumtazama.

"Alinituma mambo mawili, mama. Alisema chatu asipoe."

"Na la pili?"

"Nikuite wewe."